Msaragambo wa Kulipiwa Nauli

Utrecht, Uholanzi

Baba mdogo, Shangazi, Mama, wadogo zangu na wapwa zangu wote: Baridi imepungua, na jirani yangu wa ghorofa ya chini amenisalimia tena, jambo ambalo kwa desturi za hapa linakaribia posa.

Naandika barua badala ya kupiga simu kwa sababu habari yenyewe ni ndefu, na kwenye simu Mama huuliza kama nimekula, nikianza kujibu mtandao unakata. Isomwe Rulenge kwanza, halafu mmoja wa vijana aipige picha aitume Nyakahura kwa Shangazi, maana wageni watapita kote kuwili. Ndiyo, wageni. Wafanyakazi wenzangu wanakuja kwenu kufanya kazi ya miti. Mimi siji. Mimi nilipelekwa kupanda miti Uskoti. Kaeni vizuri niwaeleze ilivyokuwa.

Kampuni za huku zina utaratibu wa kuwapa wafanyakazi ruhusa yenye mshahara waende nchi nyingine kujitolea, na siku hizi kazi inayopendwa zaidi ni ya mazingira. Si jambo la jana. Randstad, kampuni ya hapahapa Uholanzi inayotafutia watu ajira, ilishikana na shirika la VSO tangu 2004 kupeleka watu wake kujitolea. Benki ya HSBC mwaka 2007 ilitenga dola milioni 100 kwa miaka mitano kwa ajili ya tabianchi, na wafanyakazi wake wakaingizwa msituni na shirika la Earthwatch wakasaidie watafiti kupima miti. IBM ilipoanza mpango wake mwaka 2008, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kupokea timu. Kampuni yangu mimi ni ndogo, inatengeneza programu za kompyuta za maghala. Ilichelewa kuamka, kwa hiyo imeamka na kelele.

Tena hapa kujitolea ni heshima mpaka juu kabisa. Kila Machi wana siku zao za kujitolea nchi nzima, zinaitwa NLdoet, na Mfalme Willem-Alexander na Malkia Máxima hukunja mikono ya nguo wakashika kazi mbele ya kamera. Baba mdogo, fikiria mfalme kwenye msaragambo.

Maana huo ni msaragambo, wala msidanganyike na jina. Tofauti iko kwenye taratibu. Msaragambo wetu, mwenyekiti wa kitongoji anapuliza filimbi alfajiri, asiyetokea anatozwa faini, na asiye na faini mgambo anaondoka na kuku wake. Jirani zetu wa Rwanda, ng'ambo ya Rusumo, wana umuganda wao kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maduka yanafungwa na mtu mzima hakai ndani bila sababu. Huku msaragambo unauomba kwa barua. Unafanyiwa usaili. Ukishinda unapewa nauli, malazi na koti la mvua lenye nembo ya kampuni. Ukirudi unasimamishwa mbele ya wenzako ueleze jinsi kuchimba mashimo kulivyobadilisha maisha yako. Baba mdogo, wewe umechimba tangu Azimio la Arusha. Kuna aliyewahi kukuuliza maisha yamebadilikaje?

Basi mwaka huu ikabandikwa orodha ya vituo. Cha kwanza Uskoti, kurudisha misitu. Cha pili, nikasoma nikarudia: magharibi mwa Tanzania, wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoa wa Kagera, kazi ya miti na vikundi vya wakulima. Moyo ulinilipuka. Nilijaza fomu usiku huohuo, na pale palipoandikwa "eleza uzoefu wako" niliomba karatasi ya ziada.

Mama wa rasilimali watu akaniita.

"Umechagua Ngara," akasema.

"Ndiyo."

"Lakini wewe ni mtu wa Ngara."

"Ndiyo maana nimechagua Ngara."

Akanieleza kwa upole kwamba shabaha ya mpango ni kumtoa mfanyakazi kwenye mazoea yake, akutane na utamaduni mgeni. Nikamwambia tangu nishuke Schiphol sijakutana na mazoea yangu hata kwa bahati mbaya. Hapa mtu mwenye shahada mbili anamwagia chembe za chokoleti juu ya mkate na kuita chakula, na ukitaka kumtembelea rafiki unapangiwa tarehe wiki tatu mbele. Akacheka, akaandika kitu kwenye kompyuta, akasema, "Isitoshe, ukienda kwenu itakuwa likizo."

Mama, likizo! Wewe ni shahidi. Nikija likizo nalima, nasuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba, naitwa kwenye vikao vya harusi ya mtu nisiyemjua jina, na siku ya kuondoka nalipa ada ya mtoto aliyezaliwa nikiwa safarini. Kupanda miti na koti lenye nembo kungekuwa mapumziko. Lakini sheria ni sheria, na Mholanzi akishaandika kitu kwenye jedwali, hata Mungu anaombwa ajaze fomu. Ngara wakapewa mhasibu wetu, kijana wa mauzo, binti mmoja aliyesomea mambo ya maji, na wengine. Mimi nikapewa Uskoti.

Tulikwenda kwa meli. Kampuni imejiwekea kanuni kwamba safari za karibu mtu asipande ndege, kulinda hewa. Kwa hiyo tulipanda meli ya usiku kutoka IJmuiden mpaka Newcastle, tukiyumba Bahari ya Kaskazini usiku kucha, tukaendelea kwa treni na basi. Wale wa Kagera wao watapanda ndege mpaka Kigali, kwa kuwa meli haifiki Benaco, kwetu Ngara. Nikamwomba mhasibu anisaidie hesabu. Kwenda na kurudi Kigali, kwa makadirio ya kawaida, ni kama tani moja na nusu ya hewa ukaa kwa kila abiria. Mti mmoja uliokwishakua, kwa makadirio yaleyale, hufyonza kama kilo 20 kwa mwaka. Akagawanya, akanyamaza. Akagawanya tena. "Miti 75 kwa mwaka mzima," akasema, "ndipo nirudi sifuri." Tangu siku hiyo amekuwa mtu wa kufikiri sana, na nadhani ndiye mgeni wenu bora.

Uskoti ni nchi ya vilima. Uholanzi robo ya ardhi iko chini ya usawa wa bahari, na mlima wanaoufahamu wengi wao ni daraja la baiskeli. Siku ya kwanza tulipanda mteremko ambao Ngara tusingeupa hata jina. Wenzangu wakaanza kuhema na kukaa kwenye mawe. Mimi nikapanda na mzigo wa miche mgongoni mpaka juu, nikawasubiri. Mmoja akaniuliza ninafanya mazoezi ukumbi gani. Nikamjibu nilisoma shule ya msingi ambayo kisima kilikuwa bondeni na darasa kileleni.

Msimamizi wetu alikuwa mzee mwenye maneno machache na buti kubwa. Alitueleza kwamba nyanda hizo za juu zilifunikwa na misitu ya misonobari, ndugu wa ile paina yetu, na leo imebaki kama asilimia moja tu ya ule msitu wa zamani. Walikata mbao, wakaleta kondoo, wakawaua mbwa mwitu mpaka wa mwisho miaka mia tatu hivi iliyopita. Kulungu wakabaki bila wa kuwatisha, wakala kila mche uliothubutu kuchungulia. Aliongea taratibu akidhani mimi ndiye mgumu kuelewa, nikitoka bara la misitu na tembo.

Nikamweleza habari za Benaco. Nikamwambia kwamba mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakiikimbia Rwanda. Wakatua mahali palipoitwa kwa jina la kampuni ya Kitaliano iliyokuja kujenga barabara, ikaondoka, ikaacha jina. Kila familia ilihitaji kuni za kupikia mahindi na maharage ya msaada, na maharage makavu, kama Shangazi ajuavyo, hayana huruma na kuni. Vilima vikabaki vipara. Baadaye mashirika yakaja na vitalu, viriba na mabango, tukapanda mikaratusi kwa sababu ndiyo iliyokua upesi. Mzee akanitazama kwa mara ya kwanza. Akasema kwao ilichukua karne kadhaa, sisi tuliwezaje kwa mwaka mmoja. Nikamwambia tulikuwa wengi.

Kazi yenyewe, Baba mdogo, ungeicheka. Unashindilia koleo kwenye udongo mweusi wa kinamasi, unageuza bonge la majani likae kichwa chini, unatia mche juu yake usizame. Mche una urefu wa kidole cha mkono. Unaubana kwa kisigino, si kwa nguvu, unauvuta jani moja kwa vidole viwili: ukitoka, umepanda vibaya. Nilipenda hiyo ya kuvuta jani, muijaribu kwenye kitalu. Mvua hainyeshi kutoka juu, inakuja ubavuni. Asubuhi wanakunywa uji wa oti wenye chumvi, bila sukari hata chembe, wakisema unatia nguvu. Nguvu niliiona, furaha sikuiona.

Na usubi! Wao wana usubi mdogo kuliko punje ya ulezi, unatoka kwa mawingu upepo ukitulia. Hauna ugonjwa, msimamizi alitutuliza, unauma tu. Kijana mmoja wa ofisini, mtu wa heshima zake, alirukaruka bondeni akijipiga makofi mpaka watalii wakapunguza gari wakidhani ni ngoma ya asili. Tukapewa vyandarua vya kuvaa kichwani. Mtu wa Kagera nimetoka kwenye malaria, nikaenda Ulaya kuvaa chandarua mchana.

Jioni moja mama mwenye duka la kijiji aliniuliza kama kweli nimetoka Afrika kuja kuwapandia wao miti. Nikasema ndiyo, kwa njia ya Uholanzi. Macho yakamlegea, akanishukuru kwa niaba ya kijiji chake, akanipa biskuti za bure. Hapo nikaelewa utamu wa kuwa mfadhili. Tulipopigwa picha kesho yake nilisimama mikono kiunoni, nikanyoosha kidole mbali, kama wafadhili wote wanavyonyoosha, pasipo na kitu chochote.

Lakini kilichonikaa moyoni si miti. Ni uzio. Eneo lote tulilopanda limezungushiwa uzio mrefu kuliko mtu, kuzuia kulungu, na mzee aliniambia uzio huo umekula fedha kuliko miche yote iliyo ndani yake. Halafu kuna mtu ameajiriwa, ana mshahara, kazi yake kutembea kandokando ya uzio huo, mvua na jua, akitafuta mahali ulipolegea. Sisi wa kujitolea tunakuja, tunapanda, tunapiga picha, tunaumwa na usubi, tunaondoka. Yeye anabaki. Nilimuuliza mzee ni kikundi gani cha kujitolea kilichofanya kazi nzuri kuliko vyote. Akamnyooshea kidole yule mtu wa uzio, mwenye koleo na nyundo, akasema, "Kile pale."

Basi niliporudi Utrecht nikaombwa kuwaandaa wale wa Kagera, saa moja nzima, ukumbini, kwa picha. Wakauliza kama kuna simba. Nikasema hifadhi ya Burigi-Chato ipo, ilitangazwa 2019, na simba wanaishi humo, hawapangi nyumba Rulenge. Kijana wa mauzo akauliza kama abebe kahawa yake. Kahawa, Shangazi! Kupeleka kahawa Kagera! Nikamwambia aje na kikombe tu. Nikawaeleza kwamba siku ya taifa ya kupanda miti kwetu kwa miaka mingi imekuwa tarehe 1 Aprili, wakacheka wakidhani nawafanyia utani wa siku ya wajinga. Nikawaambia pia kwamba kila halmashauri imekuwa ikitakiwa kupanda miti 1,500,000 kwa mwaka, yaani Ngara na Biharamulo pamoja milioni 3. Wakatazamana. Wao walikuwa wamepanga kupanda elfu moja, na walikuwa wameoka keki na kuziuza miezi miwili kupata fedha za miche.

Halafu nikauliza mnakwenda lini. Wakasema Julai, shule zikifungwa.

Julai! Mnajua wenyewe Julai ilivyo. Vumbi la barabara ya Lusahunga, nyasi zimekauka, moto wa nyika unatembea Biharamulo usiku na mchana. Mche ukiuweka ardhini Julai umeuzika. Nikawaambia waende Novemba, mvua zikishakolea. Wakasema Novemba haiwezekani, wana mahesabu ya kufunga mwaka, na mapema Desemba kuna sikukuu ya watoto ya Sinterklaas, na mzee huyo hasubiri mtu. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho binti wa maji akauliza swali la busara: Julai watu wa Ngara wenyewe hufanya nini juu ya miti? Nikamjibu: kitalu. Hujaza viriba, husia mbegu, humwagilia, ili miche iwe tayari Novemba. Wakasema basi, tutajaza viriba. Kwenye tangazo la kampuni bado imeandikwa "kupanda msitu", lakini nyinyi mkae mkijua ni viriba.

Sasa maagizo.

Baba mdogo, wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa watataka jembe siku ya kwanza, na siku mbili za mwisho ndipo watataka kuwa wageni. Mpe mhasibu jembe, asivunjike moyo, lakini baada ya saa moja viganja vyake vitatoka malengelenge. Hapo mnyang'anye jembe, mkabidhi madaftari ya kikundi. Tangu mweka hazina wa zamani ahamie Geita hakuna ajuaye nani alilipa hisa na nani alikula. Mhasibu huyu akiona daftari halilingani hawezi kulala. Mkae naye, mpange mapato na matumizi, muandae kumbukumbu za benki, halafu kina mama na vijana wa kikundi mwombe ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri: 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Maombi yenu yakirudi tena, yasirudi kwa sababu ya hesabu. Mtu aliyesomea hesabu miaka yote hiyo akija kwetu kuchimba shimo, tumepata shimo baya na tumepoteza mhasibu mzuri.

Binti wa maji msimpe kiriba kabisa. Mpelekeni shambani kwenye yale makinga maji tuliyochimba miaka ya 2010, FAO ilipoleta mradi wa bonde la Kagera na mashamba darasa. Mengi yamejaa udongo, na mvua ikinyesha maji yanashuka mto Ruvubu mekundu, yanaungana na mto Kagera pale Rusumo, yanaingia kwenye mitambo ya umeme wa megawati 80 tunaogawana na Rwanda na Burundi. Taifa lake limepigana na maji kwa karne nyingi na bado linaishi, kwa hiyo atakuwa na la kusema. Mwonyesheni pia ile mikaratusi ya kwenye chemchemi. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka chanzo cha maji, na sote tunajua nani aliipanda pale na kwa nini haikatwi. Asimtaje mtu. Apime tu mita, aandike namba kwenye karatasi. Namba iliyoandikwa na mgeni haina ukoo, haigombanishi ndugu.

Shangazi, wewe nina ombi la pekee. Usifiche magunia ya mkaa. Najua wageni wa mazingira wakija Nyakahura watu wote hufunika mkaa kwa turubai na kujifanya wanauza nyanya. Usifunike. Wakiuliza, waambie gunia linauzwa bei gani barabarani, lori linalipeleka wapi, na ada ya wapwa zangu inatoka wapi. Yale uliyoniambia kwenye simu, "Waambie walete gesi, si miche," waambie vilevile, wala usilegeze. Wakijibu kwamba gesi ni ghali, waulize ghali kuliko nini. Nataka wasikie kwa masikio yao kwamba mti unakatwa na mtu mwenye hesabu zake, wala si mjinga wa mazingira. Kwenye ripoti zao wewe umeandikwa "mlengwa". Wewe hujawahi kulengwa na mtu ukabaki umekaa.

Chakula msihangaike. Mbuzi asichinjwe, maana wawili hawali nyama na mmoja hali chochote kilichowahi kuwa na mama. Ndizi na maharage zitawatosha, na watazisifu mpaka Mama aone haya. Pombe ya ndizi waonjeshwe, wasizoezwe. Saa mbili kwao ni saa mbili. Watafika dakika tano kabla na kusimama mlangoni wakitazama saa. Mwambieni mtendaji wa kata kwamba akipanga hotuba ya saa mbili akatokea saa tano atawakuta wamemaliza kazi na wamelala. Na mtendaji aelezwe mapema kwamba hakuna posho ya kikao. Wenyewe wameuza keki.

Watoto wakiimba "mzungu, mzungu" msiwachape. Kijana wa mauzo amejifunza kujibu "mwafrika, mwafrika", na anaamini ni salamu.

Halafu kuna suala la kibao. Watataka kuacha kibao chenye nembo, cha chuma, kikubwa. Kijiji chetu kina vibao vya miradi kuliko miti ya miradi hiyo. Baba mdogo, kataa kwa adabu. Sema kibao kitakuja, kiwekwe mwaka wa tatu, miche ikikipita urefu. Fedha ya chuma hicho mwambie mhasibu aihamishie kwenye mstari mwingine: mlinzi. Mtu mmoja wa kijijini, mwenye mshahara, wa kumwagilia kitalu kuanzia Julai, kukata njia ya moto kiangazi kijacho, na kufukuza mbuzi wa jirani bila kujali ni mbuzi wa nani. Nimemweleza bosi habari ya yule mtu wa uzio kule Uskoti. Amesema wazo ni zuri, lakini kwenye bajeti hakuna kifungu cha "mtu anayebaki". Kuna kifungu cha nauli, cha malazi, cha makoti ya mvua, hata cha mpiga picha. Nimemwambia makoti ya mvua Biharamulo mwezi wa Julai ni fedha iliyokwisha kupatikana.

Mimi mwenyewe nimeshajaza fomu ya mwaka ujao. Nimeandika Biharamulo. Mama wa rasilimali watu alipoinua nyusi nikamwambia Biharamulo ni wilaya nyingine kabisa, kwetu ni Ngara, huko nina shangazi tu, na shangazi aliyeolewa ni utamaduni mgeni. Bado anatafakari. Shangazi, wakikuuliza, sema unanikumbuka kwa mbali.

Nimemaliza. Salamu kwa wote, na kijana anayesoma barua hii kwa sauti asiruke pale nilipomtaja mtendaji. Baba mdogo, naomba kabla ya mwisho wa mwezi unitumie kwa maandishi bei ya mlinzi kwa mwaka mzima: mshahara, buti, tochi na ndoo mbili za kumwagilia. Mwenyekiti asaini, na muhuri uonekane. Nitaitafsiri kwa Kiholanzi niipeleke mezani kwa bosi mimi mwenyewe. Na tafadhali sana, msiweke cha juu. Mhasibu anakuja hukohuko.

Wenu,
Mtoto wenu wa Utrecht